Miche ya Baba Kiplangat

SEHEMU YA KWANZA

Pikapu tatu ziliingia kitaluni saa nne asubuhi, Jumamosi ya malipo, bila taarifa. Zilitoka Konoin, upande wa Bomet, na zilikuwa zimebeba miche ileile iliyotoka hapa Kabianga juma lililopita.

Kiplangat alikuwa ameketi kwenye meza ya malipo, chini ya paa la mabati, orodha ya vibarua kumi na sita mbele yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulipa tangu familia imkabidhi kitabu cha hundi. Aliyeshuka kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, katibu wa kikundi cha wakulima kilichonunua ile miche. Kote Konoin anaitwa Mwalimu, basi.

"Chamgei," alisalimu. Walipoitikia, alichomoa mche mmoja kutoka kwenye kifuko chake cha nailoni akauweka juu ya orodha ya mishahara, udongo na yote.

"Hii si sita-nane."

Vibarua waliacha kazi. Mama Kiprotich, nyapara wa kitalu, alifunga kisu chake cha kukatia vipandikizi akakitia mfukoni mwa aproni.

Kwa msomaji asiyetoka kwenye chai, acha nieleze uzito wa maneno hayo. Mchai aina ya TRFK 6/8 ndio wakulima wengi wa Kenya wameutegemea kwa ubora wa majani. Mkulima mdogo wa Kericho au Bomet hupeleka majani mabichi kituoni, hulipwa kidogo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya Oktoba, na bonasi hiyo inategemea chai ya kiwanda chake imeuzwa kwa bei gani kwenye mnada wa Mombasa. Miaka mingi sasa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wanaona wenzao wa Murang'a na Kirinyaga wakipokea bonasi nono kuliko yao, na wanaumia. Kikundi cha Mwalimu kilikuwa kimeamua kung'oa michai ya zamani na kuanza upya. Mchai ukipandwa leo utachumwa na wajukuu. Ukikosea mche, umekosea kwa maisha yako yote yaliyobaki.

"Mwalimu, miche hii ilikaguliwa hapahapa ikapakiwa," alisema Kiplangat. "Ikishatoka getini ni mali yenu."

"Nilikagua kwa kumwamini baba yako. Miaka ishirini nanunua kwake."

"Sasa mwenye kitalu ni mimi."

"Basi niambie wewe. Hii ni sita-nane?"

Kiplangat aliutazama ule mche. Alikuwa mtu wa hesabu. Miaka tisa alikuwa amefanya kazi kwenye maghala ya chai ya Mombasa. Aliijua bei ya kila Jumatatu na Jumanne mnada unapoendeshwa, kwa dola, na angeweza kukwambia ni viwanda vipi vinauza vizuri na kwa nini. Isitoshe, bili ya hospitali ya baba yake ililipwa kwa akiba yake, na aliilipa bila kusimanga mtu. Lakini kutofautisha mche na mche hakuweza, na kila aliyesimama pale alilijua hilo.

Macho yakahama, moja baada ya jingine, yakamwendea Chebet.

Chebet alikuwa amepiga magoti kati ya matuta, akifunua karatasi ya nailoni ili miche izoee jua. Ni binti wa nyumba ndogo, mtoto wa mke wa pili. Alisomea kilimo hapo Chuo Kikuu cha Kabianga, akawa anatoka darasani jioni na kuja kumwagilia. Kukata kipandikizi alifundishwa na Mama Kiprotich: jani moja, kipande kifupi cha shina, kisu kipite kwa mshazari, na jani lisiguse udongo, kwa sababu likigusa litaoza. Ameunguliwa na miche kwa kuchelewa kumwagilia, amechanganya udongo usiofaa, na kila mara alirudi tutani siku iliyofuata.

Mwezi wa Januari, familia ilipokaa, hakuna aliyemtaja. Baba yao alikuwa amepooza upande wa kulia tangu Agosti 2023, na maneno yalimtoka kwa shida. Baba mdogo aliongoza kikao. "Msichana ni wa kuolewa," alisema, "leo yupo, kesho yuko kwao. Kijana arudi nyumbani ashike kalamu." Mzee alifumba macho, na familia ikachukua kwamba amekubali.

Chebet angeweza kumjibu. Katika kesi ya Rono dhidi ya Rono, iliyohusu familia ya nyumba mbili kama yao, Mahakama ya Rufani mwaka 2005 ilikataa binti apunguziwe urithi kwa hoja hiyohiyo ya kwamba ataolewa. Na Sheria ya Urithi inapogawa mali kati ya nyumba za wake, huhesabu watoto bila kuuliza nani wa kiume nani wa kike. Hakusema. Baba yake alikuwa hai, na kufungua mdomo kuhusu urithi wa mtu anayepumua ni kumzika kabla ya siku yake. Tena, na hapa nasema langu mimi mwandishi, mahakama inaweza kukupa ekari. Haina uwezo wa kukupa vibarua kumi na sita wanaokutazama wewe siku mteja anapoingia kwa hasira.

Alisimama, akajifuta udongo kwenye leso.

"Mwalimu, nipe mpaka jioni," alisema. "Nitaipima mbele yako. Ikiwa si sita-nane, tutakurudishia mche kwa mche, elfu kumi na mbili yote. Ile utakayokosa msimu huu tutakurudishia fedha zake."

"Kwa idhini ya nani?" Kiplangat aliuliza.

"Kaka, wewe ndiye unayeshika hundi. Mimi nimetoa neno langu. Nikishindwa, ukate kwenye sehemu yangu."

"Sehemu gani?"

Swali lilibaki pale mezani pamoja na udongo. Mwalimu akavua kofia, akavuta kiti. "Nitangoja," alisema.

Saa tisa walikusanyika jikoni kwa Mama Kiprotich, maana kule kulikuwa na utulivu. Rafiki wa Chebet, fundi wa maabara, alikuwa ameleta klorofomu kidogo kwenye kichupa. Chebet alitia pamba chini ya chupa mbili za jamu, akadondosha klorofomu juu yake, kisha akapachika majani kwenye kijiti yasiiguse pamba. Chupa ya kwanza ilipata majani ya mchai mama wa zamani, ule alioupanda baba yake mwenyewe. Ya pili ikapata majani ya miche ya Konoin. Akafunga vifuniko.

"Kipimo hiki hakitatutajia jina la mche," alimwambia Mwalimu. "Kitatuonyesha tu kama hawa wawili ni ndugu. Ule mvuke unavunja jani kwa ndani, nalo linageuka rangi jinsi linavyogeuka kiwandani likishasagwa. Sita-nane hugeuka upesi. Ndiyo sababu chai yake ina rangi nzuri kikombeni."

Wakasubiri. Mama Kiprotich aliwamiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, na hakuna aliyeinywa. Kiplangat alisimama mlangoni, mikono kifuani, akajifanya anasoma simu.

Katika chupa ya kwanza, hudhurungi ilianzia kwenye mshipa wa kati, ikatambaa hadi kingoni. Haikupita saa, jani zima lilikuwa na rangi ya shaba. Chupa ya pili ilibaki kijani. Madoa machache yalijitokeza kwenye ncha, yakakomea hapo.

Mwalimu hakufurahia kuwa sahihi. "Arobaini na tatu," alisema polepole. "Familia arobaini na tatu zimeng'oa michai yao kwa ajili ya miche hii."

Chebet alikuwa ameshatoka mbio kwenda ofisini. Alilijua daftari la michai mama tangu utotoni. Baba yake aliandika humo kila kipandikizi kilikotoka, tarehe gani, tuta namba ngapi, kisha akaweka sahihi. Mtu akiuliza mche wowote, Mzee alifungua daftari. Hiyo ndiyo iliyokuwa dhamana yake, na ndiyo iliyoleta watu kutoka Sotik na Litein mpaka kwake.

Alilipata tuta la 14. Tarehe 19 Septemba 2023. "6/8, vipandikizi 12,500, michai mama yetu." Chini yake, sahihi ya baba yake, ile ndefu yenye mkia unaopinda kushoto.

Aliisoma tena, miguu ikamlegea. Tarehe hiyo yeye mwenyewe alikuwa hospitali ya Tenwek, kando ya kitanda cha baba yake, akimlisha uji kwa kijiko kwa sababu mkono wa kulia wa Mzee haukuweza kukishika.

Nani aliyeweka sahihi hii?

SEHEMU YA PILI

Jibu lilikuwa kwenye namba nane.

Usiku ule Chebet aliliweka daftari chini ya taa, akalinganisha kurasa. Sahihi ilikuwa imeigwa vizuri, pengine kwa kuiweka karatasi juu ya nyingine. Ila aliyeandika "6/8" hakuichora nane kwa mzunguko mmoja kama Mzee. Alichora viduara viwili, kimoja juu ya kingine, vikigusana. Chebet naye huandika nane hivyohivyo. Alifundishwa kabla hajaingia shule ya chekechea, kwa kijiti, juu ya majivu ya jikoni.

Alfajiri alimkuta mama yake akikamua. Hakumsalimu. Alilifungua daftari akalishika mahali ambapo mama angeliona bila kuacha ng'ombe.

Mikono ya mama ilisimama.

"Ilinyesha mvua ya mawe," mama alisema baada ya muda mrefu. "Wewe ulikuwa Tenwek na baba yako. Michai mama yote ilichanwachanwa, hakukuwa na tawi la kukata. Na fedha za Konoin, zile walizotanguliza, zilikuwa zimeshakwenda hospitalini. Ningewarudishia nini?"

"Ungewaambia."

"Ningewaambia, na nyumba kubwa ingesikia kwamba mwezi mmoja tu baada ya Mzee kuanguka, mke mdogo ameua kitalu. Wangetutoa hapa, mimi na wewe. Mtu akaja, akaniambia ana vipandikizi vya sita-nane. Nikanunua."

"Ulijua si sita-nane?"

"Siku ile sikujua." Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Nilijua vilipochipua. Nimeishi kwenye chai tangu nizaliwe, Chebet, ningekosaje kujua? Nikanyamaza. Nilikuwa nakushikia nafasi."

"Nani aliyekuuzia?"

"Hilo usiniulize. Aliniapisha."

Ng'ombe alipiga kwato, ndoo ikayumba. Mama alimshika Chebet kiwiko, akamvuta karibu. "Mwanangu, wewe umeshawaahidi watu wa Konoin miche mingine. Wapewe. Daftari litie motoni. Ukisema, umenimaliza. Usiposema, nani atajua?"

Chebet hakupata la kujibu. Alimwacha mama na ndoo yake, akaenda zake kanisani na daftari ndani ya mkoba, na sidhani kama alisikia neno moja la mahubiri. Ni rahisi kwetu tunaosoma kumwambia aseme kweli. Kweli yenyewe ilikuwa ya kumvunjia heshima mwanamke aliyemlea, mbele ya nyumba iliyokuwa ikingoja kosa lake kwa miaka thelathini.

Nadhani angenyamaza. Kiplangat ndiye aliyemzibia njia.

Saa nane mchana ukoo ulikaa uani. Mzee aliletwa kwenye kiti chake, blanketi magotini. Mama Kiplangat na mama yake Chebet waliketi mbalimbali, kila mmoja upande wake. Mwalimu alikuja na wakulima watano. Vibarua walisimama nyuma ya ua wa kei-apple, hawakualikwa wala hawakufukuzwa. Baba mdogo aliongoza tena, fimbo mkononi.

Kiplangat alisimama. Alisema amelala hajalala, kwamba jina la baba yake linamuuma, nami mwandishi namwamini. Kisha akasema mhalifu amepatikana.

"Vipandikizi vinapita mikononi mwa mtu mmoja. Nyapara. Alichanganya, kwa uzembe au kwa kuhongwa, mimi sijui. Mama Kiprotich, kuanzia leo huna kazi hapa. Na deni la Konoin litakatwa kwenye malimbikizo yako."

Nyuma ya ua kukazuka minong'ono. Wawili kati ya vibarua hao walikuwa wachumaji kwenye mashamba makubwa kabla mashine hazijachukua nafasi zao. Walikuwepo Mei 2023, watu walipochoma mashine za kuchuma hapa Kericho, na walijua kijiji kinavyoonekana asubuhi ya pili yake. Mama Kiprotich mwenyewe hakupiga kelele. Alitembea hadi katikati ya uwanja, akakitoa kile kisu mfukoni, akakiweka chini mbele ya kiti cha Mzee.

"Baba Kiplangat," alisema, "hiki ulinipa wewe. Nimekitumia miaka ishirini na miwili. Mficha uchi hazai. Sijui nani anaficha hapa, lakini si mimi."

Chebet alikuwa ameshasimama. Hakukumbuka kusimama.

"Si yeye," alisema.

"Keti chini," baba mdogo aliamuru.

"Sitaketi, baba mdogo. Nisamehe." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mwalimu, wakulima wa Konoin, miche mliyouziwa haikutoka kwenye michai yetu. Michai yetu ilipigwa na mvua ya mawe. Vipandikizi vilinunuliwa nje, vikaandikwa humu kuwa ni vyetu, na sahihi iliyo hapa si ya baba yangu. Aliyeandika ni wa nyumba yetu. Ya kwetu, nyumba ndogo. Mama Kiprotich hakuambiwa. Alipewa vipandikizi akapanda."

Hakumtaja mama. Hakukuwa na haja. Shingo zote ziligeuka.

Mama yake aliinuka taratibu, leso kichwani, midomo ikicheza bila sauti. Kabla hajatamka, kiti cha Mzee kililia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapigapiga kwenye ubao wa kiti, tena na tena, kisha ukanyooka kuelekea kwenye daftari. Chebet akampelekea, akapiga magoti, akalifungua penye tuta la 14.

Mzee aliitazama ile sahihi. Akamtazama mke wake mdogo. Maneno yakamtoka moja moja.

"Ni... yangu."

"Baba!" Kiplangat alipiga hatua. "Mkono wako ulikuwa umekufa! Sote tulikuwa hospitalini, bili nililipa mimi!"

"Ni yangu," Mzee alirudia. Jasho lilimtiririka shavuni. "Kitalu... changu. Kosa... langu. Konoin... walipwe."

Mwalimu alivua kofia. Kwa dakika nzima hakuna aliyejua afanye nini na heshima ya namna ile, mzee kujitwika uongo hadharani ili mwanamke asidhalilike. Kiplangat alikuwa na machozi. Kijana huyu nimemsema sana, kwa hiyo na hili niliseme: alimwendea baba yake, akapiga goti upande wa pili wa kiti, akawa ana kwa ana na dada yake kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Elfu kumi na mbili," alimnong'oneza. "Tunaipata wapi?"

"Nusu ipo tayari, tuta la tatu mpaka la saba, nimeipima jana usiku. Nusu nyingine mwakani. Ukiniachia matuta na wewe ushike hesabu, tutaweza."

Kiplangat aliitikia kwa kichwa, akainama kulifunga daftari. Hapo ndipo kikaratasi kilipoteleza kutoka kwenye jalada la nyuma. Kilikuwa kimekunjwa mara nne. Kiplangat alikiokota, akakikunjua, akakisoma kimya.

Ilikuwa stakabadhi ya vipandikizi, 19 Septemba 2023. Kiasi kilichopokelewa, kisha jina la muuzaji, na dole gumba la wino kando yake.

Rangi ilimpotea usoni. Hakumtazama Chebet wala mama mdogo. Aliinua macho kuelekea mbele ya kikao, alikoketi yule aliyemwita kutoka Mombasa, aliyemshauri asiwe na haraka ya kukagua madaftari, aliyemwambia jana usiku kwamba mhalifu ni nyapara.

Baba mdogo aligonga fimbo chini. "Kikao kimefungwa," alisema. "Lete hiyo karatasi hapa."

"Kaka," alisema Chebet, "isome kwa sauti."

Kiplangat alifungua mdomo. Nyuma yake, baba mdogo alikuwa ameshainuka na fimbo imeshapanda juu.

Itaendelea Jumamosi ijayo.